Masikio Hayauzwi Xiaobei: Monita za Bei Nafuu kwa Wanaoimba Jukwaani

Tangu itoke ile episodi ya bendi zetu za ughaibuni, swali linalokuja zaidi si la mashairi wala la mavazi. Ni la vifaa. Mnauliza hivi: "Nyinyi mko Guangzhou, kunakotengenezwa kila kitu. Hizo monita za masikioni zisizo na waya, zile za bei rahisi, zinafaa kweli au ni kutupa pesa?"

Jibu fupi: zinafaa, ila kwa masharti. Jibu refu ndilo hili. Nimeliandika badala ya kulisema kwa maiki kwa sababu lina namba nyingi, na namba zikisemwa tu hupotea hewani. Soma polepole. Neno likikushinda, lisome kwa sauti. Mara nyingi sikio linalijua hata kama jicho halilijui.

Kwanza, tunaongelea kitu gani?

Mwimbaji akiwa jukwaani anahitaji kujisikia. Spika kubwa zinawatazama watu, hazimtazami yeye, na sauti inayomrudia imeshagonga ukuta wa nyuma, imechelewa, imechafuka. Ndiyo maana kuna monita, yaani spika ndogo za sakafuni zinazoelekezwa kwa wanamuziki wenyewe.

Shida yake mnaijua. Mpiga gitaa anaomba aongezewe. Mpiga kinanda naye anaomba. Mpiga dramu anapiga kwa nguvu zaidi ili asizidiwe. Mwimbaji anapaza sauti kuwapita wote. Fundi mitambo akiongeza kidogo tu, maiki inaisikia spika, spika inairudishia maiki, na ukumbi mzima unachomwa na ule mlio mkali unaomfanya bibi harusi azibe masikio.

Monita za masikioni zinaukata mzunguko huo. Mchanganyiko wako unatoka kwenye miksa, unaingia kwenye transmita, unaruka hewani kwa mawimbi ya redio hadi kwenye risiva uliyoifunga kiunoni, na kutoka hapo unafuata waya mfupi hadi kwenye iafoni zilizoziba masikio yako. Kwa hiyo "isiyo na waya" maana yake hakuna waya kati yako na miksa. Waya wa kutoka kiunoni hadi sikioni uko palepale.

Wazo lenyewe si la jana. Mmarekani Stephen Ambrose alikuwa akitengeneza vitu vya namna hii tangu miaka ya 1970. Mwaka 1995, Jerry Harvey, aliyekuwa fundi mitambo wa bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga dramu wao, Alex Van Halen, iafoni zenye umbo la masikio yake, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampuni ya Ultimate Ears. Kwa miaka mingi vilibaki vitu vya wanamuziki wakubwa na viwanja vya mpira. Viwanda vya mkoa huu wa Guangdong vimesaidia sana kuvishusha hadi kwa sisi wa harusi, kwaya na baa.

Mji wa maiki

Ukitoka Guangzhou kwa gari kuelekea kusini magharibi, baada ya saa mbili na zaidi unafika Enping, mji ulio chini ya Jiangmen. Hapa China Enping inajulikana kwa kutengeneza maiki na vifaa vya sauti. Vitu vingi hutoka kiwandani bila jina, na jina hubandikwa baadaye na muuzaji. Ndiyo maana unaweza kukuta kifaa kilekile kwa majina matatu na kwa bei tatu. Usishangae, fungua picha, angalia vitufe na antena, linganisha. Takstar, jina ambalo wengi wenu mnalijua kwa vitu vya bei nafuu, wao wako Huizhou, upande wa mashariki wa mkoa huuhuu. KZ, ambao iafoni zao ndizo wanamuziki wengi wa mfuko mdogo wanaanza nazo, nao ni wa Guangdong.

Kuna jambo jingine la Enping ambalo nalipenda kuliko maiki zake. Ni mji wa watu waliohama. Wachina wengi wa Venezuela asili yao ni hapo. Maana yake kuna vijana huko Caracas wanaopigiwa simu na bibi zao na kuulizwa mbona lugha yao imekuwa hivyo. Si sisi peke yetu, basi.

Ndani ya Guangzhou kwenyewe, sehemu ya kuvishika kwa mkono kabla ya kununua ni maduka ya vifaa vya sauti ya Haiyin, karibu na daraja la jina hilo. Kila mwaka pia kuna maonyesho makubwa ya sauti na taa, Prolight + Sound Guangzhou, kwenye kumbi za Pazhou, kulekule yanakofanyika Maonyesho ya Canton. Xiaobei, mtaa wetu, utapata spika za harusi, taa za disko na mtu wa kukufungia yote kwenye kontena la Mombasa au Dar. Lakini kwa monita za masikioni, nenda Haiyin. Xiaobei wanauza kwa katoni, na wewe unataka moja ambayo umeijaribu.

Hewa ya aina mbili

Sasa tuingie kwenye kiini. Seti za bei rahisi ziko za aina mbili kubwa, na tofauti yake ni hewa zinayotumia, yaani masafa ya redio.

Aina ya kwanza inatumia gigahezi 2.4. Ni ndogo, mara nyingi transmita na risiva zinalingana na kiberiti kikubwa, unachaji kwa waya wa simu, unawasha, zinashikana zenyewe. Xvive U4 ni ya kundi hili. Zile zisizo na jina kubwa nimeziona hapa kuanzia kama yuan 300 hadi 800 kwa transmita moja na risiva moja. Nyingi ni za mono, yaani masikio yote mawili yanapata kitu kimoja. Uzuri wake: transmita moja inaweza kusikilizwa na risiva zaidi ya moja, kwa hiyo waimbaji wawili wanaoweza kuvumilia mchanganyiko mmoja wanaweza kugawana.

Ubaya wake ni majirani. Gigahezi 2.4 ndiyo hewa ya waifai, Bluetooth, hata oveni za maikrowevu. Ni kama Xiaobei saa kumi na moja jioni: kila mtu anapita, hakuna mwenye njia.

Aina ya pili inatumia UHF, masafa ya mamia ya megahezi, familia moja na maiki za harusini. Takstar WPM-200 ni mfano. Transmita ni boksi linalokaa karibu na miksa, lina antena, na unachagua chaneli mwenyewe. Sauti nyingi za kundi hili ni za analogi, hazicheleweshwi na kompyuta yoyote ndani, na mawimbi yake yanapita kwenye miili ya watu vizuri kidogo kuliko ya 2.4. Lakini nayo ina majirani: vituo vya televisheni, minara ya simu, na katika mji huu wa karaoke, maiki za vyumba vya KTV ghorofa ya juu na ya chini.

Ukiwa na seti za UHF zaidi ya mbili, jifunze hesabu hii moja. Transmita mbili zikiwa karibu huzaa mawimbi ya uongo. Ukiwa na moja kwenye 610 na nyingine kwenye 612, unapata vivuli kwenye 608 na 614. Kwa hiyo ukiweka ya tatu kwenye 614 umeiweka juu ya kivuli. Kwa lugha rahisi: usizipange kwa nafasi sawa. Watengenezaji wengi huandika makundi ya chaneli kwenye karatasi ya maelekezo. Tumia kundi moja, usichanganye.

Kuchelewa, na kwa nini iafoni za Bluetooth hazifai

Wengi mnauliza, "Si nina iafoni zangu nzuri za Bluetooth, kwa nini nisitumie hizo?" Hapa tupige hesabu.

Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Milisekunde moja ni kama sentimita 34. Seti nzuri ya 2.4 inachelewa kama milisekunde 5, sawa na kusimama chini ya mita 2 kutoka kwa spika yako. Hakuna atakayelalamika. Bluetooth ya kawaida huweza kuchelewa milisekunde 100, hata 200. Hiyo 200 ni sawa na spika iliyoko mita 68 kutoka ulipo. Jaribu kuimba ukisikiliza sauti yako kutoka upande wa pili wa uwanja wa mpira. Ulimi utajikwaa.

Mwimbaji anahisi kuchelewa kuliko mpiga kinanda, kwa sababu sauti yake anaisikia kwa njia mbili: kupitia iafoni na kupitia mifupa ya kichwa chake mwenyewe. Zikipishana kidogo, sauti inasikika nyembamba, kama unaongea ndani ya bomba. Ikikutokea hivyo, angalia kwanza kama miksa yako ya kidijitali na transmita zote mbili zinachelewesha, milisekunde zinajumlishwa.

Kilichoko hatarini

Naomba nisimame hapa kidogo, maana hii ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika.

Mjomba wangu alipiga gitaa la solo kwenye bendi za dansi za Mombasa, hotelini na kwenye kumbi, miaka mingi, na amplifaya nyuma ya kisogo. Mimi ni mtoto wa Xiaobei. Nililetwa huku nikiwa na miaka mitano, baba akipakia mizigo. Kiswahili changu cha nyumbani kimetoka kwa mama, na kile cha mizaha, cha methali, cha majina ya nyimbo na nani alimpiga nani chenga, kimetoka kwa mjomba, kwa simu. Ananiita "mjomba" na mimi namwita "mjomba", kama ilivyo kwetu.

Sasa mjomba hanisikii. Kuongea anaongea, hata kelele anazisikia. Kinachopotea ni herufi. Kelele za muda mrefu huanza kuharibu sikio kwenye sauti za juu, karibu na hezi 4000, na huko ndiko zinakokaa s, f, sh na th. Kwake sikia na fikia ni neno moja. Saba na shaba ni kitu kimoja. Mtu mwenye Kiswahili kilichonyooka anamkisia kwa muktadha. Mimi, mwenye lafudhi ya kuchanganya, nikikosea ngeli na yeye akikosa herufi, hatufiki mbali. Ujumbe wa sauti nikimtumia humpa binti yake amrudie maneno. Mazungumzo ya watu wawili yamekuwa ya watu watatu.

Seli ndogo za ndani ya sikio zenye vinyweleo, zile zinazogeuza mtetemo kuwa sauti, zikifa haziotі tena. Dawa ya kuzirudisha hakuna. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inasema kiwango cha desibeli 85 ni cha saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda kwa nusu. Kwa hiyo desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 100, ambazo ni jambo la kawaida mbele ya dramu na spika za sakafuni, ni dakika 15. Harusi yetu ni dakika ngapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa sababu ya jinsi tunavyosikiliza.

Sisi watoto wa ughaibuni lugha tumeipata kwa sikio. Wengi wetu hatukuisoma darasani. Ukiliharibu sikio umeziba mlango uliokuingizia lugha, na siku moja wewe ndiye utakayepigiwa simu na mpwa mwenye lafudhi.

Lakini monita ya masikioni nayo yaweza kuua sikio

Usinunue ukidhani kifaa chenyewe kinakulinda. Kinachokulinda ni kuziba vizuri. Iafoni iliyokaa sawasawa hupunguza kelele za nje, na kwa sababu hiyo unaweza kusikiliza kwa sauti ya chini. Ikipwaya, yaani ikikaa kwa kulegea, besi inatoweka, unaongeza sauti, kelele za nje zinaingia palepale, na sasa unapigwa kutoka pande mbili.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye vipira vya sikioni. Kwenye boksi huja saizi tatu za silikoni. Jaribu zote, na usishangae sikio la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia. Vya sponji huziba vizuri zaidi kwa watu wengi: unavifinya, unaviingiza, unasubiri vifumuke. Vinachakaa, lakini hapa vinauzwa kwa bei ya bakuli la tambi.

Jambo la pili: usitoe sikio moja. Najua, tunaona wasanii wakifanya hivyo kwenye video. Ubongo ukisikia kwa masikio mawili hupata nguvu zaidi kuliko kwa moja. Ukitoa moja, utaongeza sauti ya lile lililobaki bila kujijua, na lile lililo wazi linakula kelele ya jukwaa lote.

La tatu: anzia sifuri. Vaa iafoni risiva ikiwa chini kabisa, kisha panda polepole hadi unapojisikia, ukomee hapo. Kama miksa yako ina limita, iweke kwenye njia ya monita. Maiki ikianguka sakafuni, limita ndiyo inayosimama kati ya mshindo huo na sikio lako. Seti nyingi za bei rahisi hazina limita ya kuaminika ndani.

Jinsi sisi tunavyofunga

Bendi yetu ina watu wanne. Mimi ninaimba. Kinanda anapiga kijana wa Goma. Gitaa la besi ni dada wa Tanga aliyekuja kusoma. Dramu anapiga Mkantoni anayejua Kiswahili cha kuhesabu tu: moja, mbili, tatu, nne. Kwa kazi yake kinamtosha.

Hatukununua seti nne. Mpiga dramu na mpiga kinanda wamekaa, hawaendi popote, kwa hiyo wao wanatumia amplifaya ndogo za hedifoni zenye waya. Ni rahisi, hazikatiki, hazichelewi, na hazihitaji chaji. Zisizo na waya ni mimi na dada wa besi, kwa sababu ndio tunaotembea. Hii peke yake imetupunguzia nusu ya gharama na nusu ya matatizo ya hewa. Kama mfuko wako ni mdogo, hili ndilo shauri la kwanza ningekupa.

Kwenye miksa, tafuta kitufe kilichoandikwa AUX. Hiyo ndiyo njia ya monita. Iweke isifuate fimbo za sauti kuu, ili fundi akimpunguza mwimbaji kwa watu, wewe usipotee sikioni mwako. Mchanganyiko wa mono hauvumilii msongamano: jiweke wewe juu, kinanda au gitaa linalokupa ufunguo wa wimbo chini yako, dramu kidogo za kukushika mwendo, basi. Ukiweka kila kitu sawa hutasikia chochote.

Transmita usiiache nyuma ya miksa iliyoko mwisho wa ukumbi. Mwaka jana tulipiga kwenye harusi moja katika hoteli ya hapa mjini. Mchana, ukumbi mtupu, kila kitu kilikuwa safi. Usiku wakaingia wageni zaidi ya mia mbili, kila mmoja na simu, wengine wanarusha moja kwa moja kwa ndugu zao Dar na Zanzibar, na sikio langu likaanza kukatakata kama redio ya teksi ikipita chini ya daraja. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hunywa mawimbi ya 2.4. Ongeza mamia ya simu zinazotafuta waifai kwenye hewa hiyohiyo. Tulikuwa na spika moja ya sakafuni imelala mbele, tukaiwasha, muziki ukaendelea, na waliokuwa wakicheza hawakujua lolote.

Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu:

1. Transmita inakaa pembeni mwa jukwaa, juu ya stendi, ipite vichwa vya watu. Ni afadhali kurefusha waya wa sauti kutoka kwenye miksa kuliko kurefusha safari ya mawimbi.

2. Kama miksa inaendeshwa kwa tableti, ruta yake tunaiweka kwenye gigahezi 5, ili 2.4 ibaki kwa masikio.

3. Simu za bendi zote zinazimwa waifai na Bluetooth. Nne si nyingi, lakini ndizo zilizo karibu zaidi na risiva.

4. Risiva haifichwi chini ya nguo nzito wala upande wa nyuma wa mwili ulioipa transmita kisogo.

5. Chaji inajazwa siku hiyohiyo. Nyingi za seti ndogo zinakaa saa 4 au 5. Harusi zetu, mnazijua, kadi inasema saa kumi na mbili, bwana harusi anaingia saa tatu. Tunazima wakati wa hotuba na tuna betri ya akiba ya kuchajia wakati wa chakula.

6. Spika moja ya sakafuni inabaki jukwaani daima. Kifaa cha bei rahisi kinaruhusiwa kuwa cha bei rahisi ikiwa kuna cha kukishika kinapoanguka.

Vigelegele

Kuna jamboo moja ambalo maelekezo ya kiwandani hayaligusi, kwa sababu waliokiandika hawajaimba mbele ya akina mama wa Kiswahili.

Muziki wetu ni wa kupokezana. Unatoa beti, watu wanarudisha kiitikio. Kwenye taarabu, mtu akiguswa na neno anainuka na noti anakuja kutunza, na mwimbaji mzuri anajua ni neno gani lililomwinua, analirudia. Kijana wetu wa Goma kwao unataja majina ya watu katikati ya wimbo, na unamsikia mtu akishangilia jina lake. Hayo yote yanataka sikio lililo wazi.

Ukiziba masikio, watu wanapotea. Unajisikia wewe na kinanda, safi kabisa, kama uko chumbani peke yako. Waimbaji wengi wanaojaribu monita hizi mara ya kwanza wanasema wamepoa, hawana moto, na hawajui kwa nini. Sababu ndiyo hiyo. Usiku wa kwanza nilipozivaa, akina mama walipiga vigelegele na mimi nikaviona kwa macho tu, midomo na ndimi.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Chukua maiki ya ziada, hata ya bei ya chini, isimamishe ukingoni mwa jukwaa ikiwatazama watu. Iingize kwenye miksa, lakini usiipeleke kwenye spika kuu hata kidogo. Ipeleke kwenye njia ya monita tu. Ipandishe hadi usikie ukumbi kama kwa mbali. Sasa una sauti yako, una kinanda, na una watu. Kigelegele kinaingia, unajua kimetoka upande gani wa wimbo, unalirudia neno. Kama una seti ya stereo, weka maiki mbili, kushoto na kulia, na utajua hata meza gani. Kwa mono, moja inatosha.

Mkiwa na kwaya, jambo ni lilelile. Mwalimu wa kwaya akihesabu na waumini wakiitikia, wewe lazima uwasikie wote wawili.

Ukiagizwa kutoka nyumbani

Neno la mwisho ni kwa wale wenye ndugu wanaosema, "Si uko China? Nitumie mbili." Kifaa cha UHF kilichonunuliwa Guangzhou kimepangwa kwa hewa ya hapa au ya popote kiwanda kilipolenga. Hewa ya kwako inaweza kuwa ya mtu mwingine.

Marekani, masafa ya 700 yalifungwa kwa maiki zisizo na waya tangu Juni 2010, na sehemu kubwa ya 600 ikafuata Julai 2020, na sehemu kubwa ya masafa hayo ikaenda kwa kampuni za simu. Ulaya, kipande cha 863 hadi 865 ndicho kinachotumika sana bila leseni. Kenya na Tanzania, vifaa vya redio vinatakiwa viwe vimeidhinishwa, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na TCRA ya Tanzania ndizo zinazohusika. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuandikie masafa kwa namba, kutoka ngapi hadi ngapi, usikubali "ni UHF, inafanya kazi kote". Za 2.4 ndizo rahisi kusafiri nazo, kwa kuwa hewa hiyo iko wazi karibu dunia nzima, na ndiyo sababu ina msongamano.

Kwa hiyo ukiniuliza mpangilio wa pesa, kwa mtu anayeanza: iafoni zinazoziba pamoja na vipira vyake kwanza, amplifaya zenye waya kwa wanaokaa, seti moja ya 2.4 kwa anayetembea, ukiijaribu ukumbi ukiwa umejaa. Maiki ya vigelegele. Halafu, kazi zikiongezeka, UHF ya masafa yanayoruhusiwa unakoishi. Na jumba la muziki likiwa na kelele ambayo huwezi kuipunguza, vaa vipira vya kuziba masikio hata kama hupigi chochote usiku huo.

Wiki ijayo kwenye podkasti dada wa besi ataeleza jinsi anavyopanga sauti ya gitaa lake kwa chakacha. Kama una mjomba, shangazi au babu aliyepiga kwenye bendi, mrekodi sasa hivi akikusimulia, kwa simu tu inatosha. Ongea naye ukimtazama usoni, polepole, na ukizitamka vizuri hizo s na f zako.